Chakula cha Msiba kwa Jaji Baggett

Kwa miaka ishirini na minne, sauti ya kwanza kusikika kila asubuhi katika mahakama ya Kaunti ya Sipsaw, Alabama, ilikuwa ya Verdie Faulk. Alisimama kando ya mlango mdogo wa nyuma, mikono ameishikanisha tumboni, akavuta pumzi na kusema, "Inukeni nyote!" Hakupiga kelele. Sauti ilitoka chini kifuani, ikatembea juu ya mabenchi bila haraka, na watu wakajikuta wameshainuka kabla ya kuamua. Mlevi aliyesinzia nyuma aliinuka. Mawakili wa Birmingham, waliokuwa hawainukii mtu yeyote kwa moyo, waliinuka. Kisha mlango ulifunguka na Jaji Thurlow Baggett akaingia na joho lake jeusi, akaketi, na siku ya kaunti ikaanza.

Nje ya mahakama Verdie alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ambayo hata paka wake alijifanya haisikii.

Kazi ilimfikia msibani. Mumewe, Ferrell, alianguka kutoka paa la kiwanda cha pamba mwezi wa Februari, akamwachia binti wa miaka tisa na gari lisilowaka. Siku ya maziko mvua ilinyesha ghafla, watu wakasukumana kuingia chini ya turubai, na wazee wakaachwa nje wakilowa. Mjane mwenyewe aligeuka akasema, "Wazee waingie kwanza." Umati ukafunguka katikati kama pazia. Miongoni mwao alikuwapo Baggett, jaji mpya aliyechaguliwa Novemba iliyopita. Hakumjua Ferrell, ila alihudhuria maziko yote ya kaunti, kama wafanyavyo watu wanaoishi kwa kura. Wiki mbili baadaye alipiga simu.

"Bi Verdie, mpiga mbiu wangu amestaafu. Ile sauti yako una mpango gani nayo?"

"Sauti gani?"

"Ile ya makaburini."

"Mheshimiwa, mimi sina sauti. Siku ile nilikuwa nimekasirika tu."

"Basi njoo ukasirike kila siku saa tatu asubuhi. Na bima ya afya ipo."

Akaenda. Binti akasoma, akaolewa, akahamia mji wa Mobile. Verdie akabaki mlangoni. Walizoeana, yeye na jaji, namna wanavyozoeana watu wawili wanaopitia mlango mmoja. Alipokuwa tayari, jaji aligonga ubao wa mlango mara mbili kwa ndani, taratibu, kwa pete yake ya ndoa. Verdie alijua kutokana na mgongo wake akipita kama amelala vizuri, kama mkewe Merle amemkera, kama siku ile kuna mtu atafungwa. Magoti ya Verdie yalipoanza kuuma, alikuta kigoda kimewekwa kando ya mlango. Hakuuliza nani kakiweka. Kila Krismasi alipata mfuko wa pekani, njugu za mti wa jaji, zimeshamenywa, na jaji hakuwahi kukiri kwamba alizimenya mwenyewe.

Kosa la jaji, au sifa yake, kutegemea unamuuliza nani, lilianza na mwizi wa betri za matrekta. Jaji alimtazama juu ya miwani akamwambia, "Chagua. Miezi kumi na minane gerezani, au Jumapili sabini na nane kanisani, benchi la mbele, mchungaji atie saini kila wiki." Mwizi alichagua kanisa kabla wakili wake hajafumbua mdomo. Kaunti nzima ilicheka kwa furaha. Mwizi yule alibatizwa, akaoa mpiga piano. Baada yake wakafuata wengine, kumi, thelathini, na jaji akaalikwa kuhutubia mpaka majimbo ya jirani.

Baraza la nidhamu la majaji kule Montgomery, mji mkuu wa jimbo, lilimwandikia kwamba serikali haina ruhusa ya kumtuma mtu kanisani. Aliwajibu kwa mstari mmoja. Wakamwandikia tena. Akaisoma barua yao kwa sauti mbele ya mahakama iliyojaa, akaikunja, akaitia kwenye droo, akasema, "Kesi inayofuata." Watu walipiga makofi. Verdie, aliyekuwa na wajibu wa kuwanyamazisha, aliwanyamazisha.

Alhamisi moja ya Julai baraza likamsimamisha kazi kwa muda wote uliobaki wa kipindi chake. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na sheria ya Alabama haimruhusu mtu kugombea ujaji akishavuka sabini. Kwa hiyo kiti kile, alichokikalia mpaka ngozi yake ikachakaa kwa umbo la mgongo wake, kilikuwa kimeondoka moja kwa moja.

Verdie alisikia habari hiyo kwa karani wa mahakama, kabla ya saa sita mchana. Hakulia. Alichukua mkoba wake, akaenda nyumbani, akafunga aproni.

Mtu akifa mjini Larkin, kuna la kufanya. Unapeleka chakula, hugongi mlango wa mbele, unapitia jikoni, unaweka bakuli mezani, unaosha chochote kilicho kwenye sinki. Mtu akiunguliwa nyumba, kuna la kufanya. Lakini jaji akiondolewa kitini, nani amewahi kuambiwa la kufanya? Verdie alikuwa msimamizi wa chakula cha misiba katika kanisa la Antioch kwa miaka kumi na saba, na mikono yake ilikuwa na njia moja tu. Alioka paja la nguruwe, akalipaka sukari ya kahawia, akalichomeka karafuu. Wakati linaoka alipiga keki ya karameli ya tabaka tatu. Saa tisa na nusu alilifunga paja mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari, kama mtoto, akaendesha polepole kupitia barabara kuu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mjini Larkin hakuna asiyejua maana ya gari la kahawia la Verdie Faulk likipita polepole katikati ya wiki. Opal Grissom, mwenye saluni ya nywele, alimwona dirishani akiwa na kichwa cha mteja kwenye povu.

"Mungu wangu. Verdie kapita na paja."

"Kuelekea wapi?" mteja akauliza, macho kafumba.

"Kwa Jaji. Kakata kona ya kwa Jaji kabisa."

"Merle! Moyo wake ule!"

"Jana tu nilimwona anachagua tikiti maji."

"Ndivyo inavyokuwa. Unachagua tikiti, kesho hupo. Nisuuze haraka, Opal, nina kuku kwenye friji."

Kufika saa kumi na moja kulikuwa na magari sitini kwenye nyasi za Jaji Baggett. Watu waliteremka na mabakuli yamefunikwa karatasi ya fedha, majina yameandikwa kwenye vipande vya utepe chini yake: kuku wa wali, mayai ya kujazwa, saladi ya viazi, madumu ya chai baridi ya sukari. Wanawake walikuwa wameshaanza kulia njiani. Walizunguka nyuma, wakaingia jikoni bila kugonga, na hapo wakamkuta Merle Baggett mwenyewe, mzima, amevaa ndara, anakula keki ya karameli kwa kijiko.

"Opal, unalia nini?"

"Mimi? Hapana, ni... ni vumbi. Umependeza, Merle. Jamani umependeza sana!"

"Nani kafa?"

Watu walitazamana, mmoja akakohoa, na taratibu macho yote yakamwendea Verdie, aliyekuwa kwenye sinki, mikono ndani ya povu.

"Hajafa mtu," Verdie akasema. "Nilileta tu chakula. Kwa ajili ya... kwa ajili ya Jaji."

Halafu Merle akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na wengine wakafuata, na walipokwisha kucheka kila mmoja aliona haya kuondoka na bakuli lake. Wakabaki. Wakatoa viti nje.

Gari la televisheni kutoka Birmingham lilikuwa limekuja kupiga picha ya nyumba iliyofungwa mapazia. Likakuta umati, meza, na watu wanaofutana machozi. Mtangazaji, msichana mwenye vumbi kwenye viatu vya gharama, hakuhitaji kuambiwa chochote. Alijionea mwenyewe alichokiona.

Jaji alikuwa chumba cha nyuma, na fulana ya ndani, amekaa ukingoni mwa kitanda tangu mchana. Alitoka kwa sababu ya kelele. Verdie alimwona akija kwenye korido akifunga vifungo vya shati, uso umelegea kama wa mtu aliyeamshwa kutoka usingizini. Akafika barazani. Akaona magari. Kipaza sauti kikamjia kidevuni.

"Mheshimiwa, watu wote hawa wamekuja kukuunga mkono saa chache tu baada ya uamuzi. Je, utagombea ugavana?"

Jaji alitazama nyasi zake. Aliangalia mabakuli, vitambaa vya machozi, wazee wawili waliokuwa wamevua kofia kwa heshima ya marehemu wasiyemjua tena. Na Verdie, aliyesimama nyuma yake na kitaulo mkononi, aliuona mgongo ule alioujua ukinyooka kidogo kidogo, pingili kwa pingili.

"Naona watu wameshasema," jaji akajibu.

Usiku huohuo jimbo zima liliona. Jumatatu yake mpanga kampeni mmoja aitwaye Kip Lassiter akafika kutoka Montgomery, shati limepigwa pasi mpaka linatisha, akapanga chumba juu ya duka la dawa na kuandika Baggett kwenye kila ubao ulioweza kushika rangi.

Jumatatu hiyohiyo, saa tatu, Verdie alisimama kando ya mlango mdogo. Jaji wa muda alikuwa Jaji Renfroe, mwanamke wa miaka arobaini kutoka kaunti nyingine. Hakugonga ubao. Alifungua mlango kidogo akachungulia, akanong'ona, "Mama, niingie sasa au unasema kwanza?"

"Nasema kwanza, Mheshimiwa."

"Samahani. Endelea."

"Inukeni nyote!" Verdie akasema, na wakainuka, kama kawaida, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Wiki ya pili ya Agosti Lassiter alimfuata kwenye ngazi za mahakama.

"Bi Verdie, wewe ni dhahabu, unajua? Jumamosi ijayo, uwanja wa besiboli wa kiwandani, Jaji anatangaza. Tutaweka trela, bendera, bendi. Kabla hajatokea, unapanda wewe. Watu elfu tatu. Unavuta pumzi yako ile, unasema yale maneno yako. 'Inukeni nyote!' Halafu yeye anatoka. Umeona? Wamemnyang'anya mahakama, lakini mahakama imemfuata."

"Yeye ndiye kasema?"

"Yeye ndiye kaomba. Wazo langu, ombi lake."

"Nitafikiri."

"Ni Jumamosi, hutakuwa kazini. Nimeuliza wanasheria. Hakuna atakayekugusa."

Hilo halikuwa limempitia kichwani. Lililompitia ni kwamba Jaji alimtoa makaburini, akampa mshahara, kigoda na pekani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba kitu. Hili lilikuwa la kwanza. Na Verdie alijua pia, kwa namna asiyoweza kuieleza, kwamba yale maneno mawili hayakuwa yake ya kugawa. Alikuwa ameyasema kwa ajili ya wauaji na wajane waliogombania mipaka ya mashamba; aliyasema kwa ajili ya Renfroe. Akiyasema mara moja tu juu ya trela ili mtu apate kura, ataweza vipi kuyasema Jumatatu?

Jumatano alikwenda dukani kununua sukari. Kwenye kaunta alikuwapo Nadine Sprayberry, aliyempimia Verdie unga na sukari miaka na miaka bila zaidi ya habari za mvua. Leo alishika mfuko wa sukari bila kuupitisha kwenye mashine.

"Nilikuona kwenye televisheni, Bi Verdie."

"Haki ya Mungu, lile lilikuwa kosa, Nadine. Nilipeleka chakula tu, watu wakadhani—"

"Najua walichodhani. Mimi pia nilidhani Merle kafa." Akaupitisha mfuko, mashine ikalia. "Sikujua kama unapelekaga chakula hata pasipo kifo. Dewey wangu alipofungwa, sikukuona."

Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayeuliza bei.

Verdie alimkumbuka Dewey pale pale. Mwana huyo wa Nadine alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mrefu, amevaa shati la kuazima lenye mikono mifupi. Alivunja kufuli la ghala la mbolea. Jaji alimpa miaka mitatu, na Dewey akainua mkono, kama darasani, akauliza, "Mheshimiwa, na mimi siwezi kupewa kanisa?" Jaji akauliza mchungaji wake ni nani. Dewey akasema hana. Mama yake hufanya kazi Jumapili. "Basi nani atakudhamini?" jaji akasema, bila ubaya wowote, akageuza ukurasa. Ilichukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Verdie alikuwa hatua sita kutoka pale.

"Hapana," akamwambia Nadine. "Sikuja."

"Basi. Mvua inakuja, wanasema."

Verdie alirudi nyumbani akaoka. Hakuoka kitu cha haraka. Aliweka paja, akapiga keki ya tabaka tatu, akachemsha karameli mpaka mkono ukafa ganzi. Alhamisi jioni, jua bado lipo, aliegesha mbele ya nyumba ndogo ya Nadine na kuzunguka mlango wa jikoni. Huu aliugonga. Hakujiona na haki ya kuingia tu.

Nadine alifungua, akatazama sinia.

"Hiki cha msiba gani tena?"

"Ule wa mwaka juzi."

Nadine alisimama mlangoni, mkono kwenye wavu wa mbu. Halafu akasema, "Kizito hicho. Utavunja mgongo wako bure. Ingia." Wakala wawili, kwenye meza yenye vitambaa vya plastiki, wakazungumza habari za Dewey: anasoma ufundi wa umeme huko ndani, amenenepa, anaandika barua ndefu zisizo na nukta. Verdie aliosha vyombo. Hakuomba msamaha na Nadine hakuutoa. Lakini Verdie alipoondoka, Nadine alimkatia kipande cha keki ileile aliyoileta akale nyumbani, akakifunga vizuri kwenye karatasi.

Ijumaa, alipotoka kazini, alikwenda kwa Jaji.

Alimkuta barazani peke yake, beseni la kunde za maganda ya zambarau kati ya magoti, anamenya. Vidole vyake vilikuwa zambarau mpaka kwenye kucha. Verdie alivuta kiti, akajaza maganda yenye kunde mapajani, akaanza kumenya naye. Walienda hivyo kwa muda, maganda yakipasuka, kunde zikidondoka ndani ya beseni kama mvua ndogo.

"Umekuja kuniambia hapana," jaji akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Usiniite Mheshimiwa. Wamenikataza."

"Sijaletewa barua hiyo mimi."

Alitabasamu nusu, halafu tabasamu likamtoka. "Unamwitia yule binti Renfroe kila asubuhi. Hata njia ya chooni haijui, na unamwitia. Mimi nakuomba mara moja."

"Namwitia kwa sababu amekaa pale. Akikaa mwingine kesho, nitamwitia na huyo. Ulinifundisha wewe mwenyewe. Siku ya kwanza uliniambia, Bi Verdie, usiniangalie mimi, angalia mabenchi."

"Nilisema hivyo?"

"Na ukaniambia nisivae manukato."

Jaji alimenya kunde tatu, nne. "Hiyo ndiyo sababu pekee?"

Verdie alikuwa amejiandaa tangu jana. "Siyo pekee. Unamkumbuka Dewey Sprayberry?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kwa uaminifu, paji la uso limekunjamana. "Hapana."

"Aliuliza kama na yeye anaweza kupewa kanisa."

"Wengi waliuliza."

"Wengi walikuwa na mchungaji. Yeye hakuwa na mtu wa kumtilia saini, ukampa miaka mitatu. Na mimi sikuona kitu, Jaji. Siku ile nilikuwa nawaza magoti yangu. Jana nimekula na mama yake, ndiyo maana nakwambia. Nisingekula naye nisingekwambia."

Jaji aliweka beseni chini. Verdie alidhani ataingia ndani na kufunga mlango. Alikuwa tayari kwa hilo. Badala yake aliuliza, kwa sauti ndogo, "Alikuwa anafananaje?"

"Mrefu. Shati halikumtosha. Aliinua mkono, hivi."

Alimwonyesha. Jaji aliutazama mkono ule hewani, na kitu kikapita usoni mwake, lakini kama alimkumbuka au alitamani tu kumkumbuka, Verdie hakuweza kujua. Merle alikuwa anafungulia maji jikoni. Gari lilipita, likapiga honi kwa heshima, na jaji akapunga mkono bila kuangalia.

"Wewe ungewapa nini?" akauliza. "Kama ungekaa pale."

"Sijui. Mimi kazi yangu ilikuwa mlangoni."

"Jibu zuri la woga."

"Ndiyo," Verdie akasema. "Ni la woga."

Jaji akasema, "Nitagombea, Verdie. Nimeshawaambia watu."

"Najua."

"Sitashinda mchujo wa chama. Lassiter anadhani nitashinda, Merle anasali nisishinde. Lakini nikikaa hapa nikimenya kunde mpaka nife, yule wa baraza aliyenisomea uamuzi bila hata kuniangalia ndiye atakuwa neno la mwisho juu yangu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Lakini huji kuniitia."

"Siji kukuitia. Kuja nitakuja."

Alichukua beseni tena, lakini mikono haikuanza. Alipozungumza, hakuwa jaji wala mgombea. Alikuwa mzee mwenye vidole vya zambarau. "Miaka ishirini na minne sijaingia mahali popote penye watu bila kukusikia kwanza. Nagonga, unasema, naingia. Sasa nitajuaje wakati wa kutoka?"

Verdie alichukua ganda kutoka beseni lake akalipasua. "Sisi wengine huwa tunatoka tu," akasema. "Inatisha mara ya kwanza."

Walimaliza kunde. Merle akamfungia kibaba akapike Jumapili.

Jumamosi kulikuwa na jua kali na watu wengi kama Lassiter alivyotabiri. Verdie alikaa safu ya nne, kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho, kati ya watu asiowajua kutoka kaunti za mbali waliovaa fulana zenye jina la Jaji. Bendi ilipiga. Meya akasema yake. Kisha Mchungaji Hobbs wa Antioch akapanda kwenye trela kuomba, na Mchungaji Hobbs akishashika kipaza sauti hakiachii. Vichwa elfu tatu viliinama, kofia zikashuka vifuani, uwanja wote ukawa kimya ila bendera.

Verdie aliinamisha kichwa, lakini macho yalikataa kufumba.

Ndiyo maana ni yeye peke yake aliyeona. Pazia la nyuma ya trela lilitikisika na Jaji Baggett akatoka, katikati ya sala, mapema kwa dakika nzima au zaidi. Pengine alisikia kimya akadhani ndicho kimya cha kumsubiri yeye. Alipiga hatua mbili, tatu, tabasamu lipo tayari, mkono umeshaanza kupanda, kisha akaona vichwa vimeinama. Hakuna hata uso mmoja. Akasimama. Hakuweza kurudi nyuma, pazia limejifunga. Hakuweza kuja mbele. Mkono ukabaki nusu ya njia. Suti ilikuwa kubwa kwake, na Verdie hakuwa ameliona hilo kabla. Joho lilikuwa linaficha mengi. Alisimama pale juani kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, na mchungaji, aliyempa mgongo, alikuwa ndiyo kwanza anawaombea wakulima.

Katika miaka yote ya mahakamani Verdie hakuwahi kumwinukia. Asingeweza, mwenye kuita huwa ameshasimama. Sasa aliweka mkoba chini, akashika kiti cha mbele, na taratibu, kwa sababu ya magoti, akainuka. Hakusema neno. Aliinuka tu, mwanamke mmoja katikati ya vichwa vilivyoinama, akamtazama.

Jaji alimwona. Mkono wake ulishuka, ukatulia ubavuni. Akavuta pumzi. Wakakaa hivyo, yeye juu na Verdie chini, mchungaji akipita kwa wakulima, kwa wagonjwa, kwa wanajeshi walio ng'ambo, na wakati huo wote hakuna aliyegombea kitu na hakuna aliyehukumiwa.

"Amina," Mchungaji Hobbs akasema.

Vichwa vikainuka, watu wakamwona Jaji yupo pale pale mbele yao, kama aliyeshushwa na sala yenyewe, na uwanja ukalipuka. Wote wakasimama kwa pamoja, elfu tatu, wakipiga kelele jina lake, fulana na kofia na vidole hewani, mpaka trela haikuonekana tena.

Verdie alitafuta kiti kwa mkono nyuma yake, akakipata, akaketi.